Fiverr, Upwork, Freelancer.com au mteja wa Majengo: frilansa mpya wa Dodoma aanzie wapi?

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye steshenari moja pale Ng'ong'ona nikichapisha mkataba, kijana wa mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) akanisogelea. Alikuwa amesikia kwamba ninaishi kwa kazi za mtandaoni.

"Shikamoo dada. Samahani, nianzie Fiverr au Upwork?"

"Marahaba. Una shilingi ngapi ambazo zikipotea hutalala njaa? Na unaweza kufanya kazi siku ngapi bila kuona hela?"

Akacheka, akadhani namtania. Sikuwa namtania. Maswali hayo mawili ndiyo yanayotenganisha majukwaa haya ya kutafutia kazi mtandaoni, kuliko umaarufu wake na kuliko zile video za vijana wanaoonyesha dola kwenye skrini. Jukwaa linalomfaa mwenye laki mbili za kujaribia linaweza kummaliza mwenye elfu ishirini. Na kwa sababu mwaka wa kwanza nilijaribu kukaa kwenye majukwaa matatu kwa mpigo nikaambulia patupu miezi minne, nimeona niyaweke haya bega kwa bega, pamoja na njia ya nne ambayo wengi wanairuka: wateja wa hapahapa mjini.

Kupanga meza au kubisha hodi

Fiverr, iliyoanzishwa Israel mwaka 2010, imejengwa kama soko. Unapanga meza yako na kuandika unachouza: nitasoma tangazo lako kwa Kiswahili, sauti ya kike, maneno yasiyozidi 150, siku mbili, dola 20. Hiyo wanaiita gigi. Mnunuzi anapita, anatazama meza za watu kibao, anachagua. Ukienda soko la Majengo hapa Dodoma jioni utaona jambo lilelile: nyanya ni zilezile, lakini fungu lililopangwa vizuri na bei yake ikaeleweka ndilo linaloondoka kwanza. Kupanga meza Fiverr hakuna gharama. Gharama yake ni subira, maana meza mpya huwekwa nyuma kabisa, na unaweza kukaa wiki sita bila mtu kuuliza bei.

Upwork ni kubisha hodi. Jukwaa hili lilitokana na kuungana kwa Elance na oDesk, likapewa jina lake la sasa mwaka 2015. Mteja anatangaza kazi, wewe unaandika barua ya kuomba, na kila hodi unailipia kwa vitu vinavyoitwa Connects. Ukiishiwa unanunua kwa senti 15 za dola kila moja. Senti 15 zinaonekana ndogo, lakini kazi moja inaweza kudai Connects 10, 16 au zaidi. Tuseme ni 16: barua moja ni dola 2.40. Barua kumi ni dola 24. Tukikadiria dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni shilingi 60,000 kabla hujajibiwa hata na mtu mmoja. Kwa mwanafunzi anayekula kwa mama ntilie, hizo ni siku nyingi za chakula.

Freelancer.com ya Sydney, Australia, nayo ni ya kuomba kazi kwa zabuni, na unapewa zabuni chache za bure kwa mwezi. Huko mashindano ya bei ni makali. Kuna pia mashindano ya usanifu ambapo watu makumi wanatengeneza nembo, mmoja analipwa, wengine wanabaki na mazoezi. Kwa anayejifunza Canva, programu ya usanifu, na ana umeme na muda, mazoezi si haba. Kwa anayetafuta kodi ya chumba, hapana.

Kwa hiyo jiulize kwanza: kazi yako inaonekana au inasikika kwa sekunde kumi? Sauti, nembo, kadi, video fupi, hizo ni bidhaa za mezani, Fiverr inazibeba vizuri. Kazi inayohitaji mtu akueleze shida yake ndipo ujue utafanya nini, kama kutafsiri mwongozo mrefu, kunukuu mahojiano ya utafiti (kuyaandika kutoka kwenye sauti), kupanga takwimu, au kuwa msaidizi wa ofisi ya mtu aliye mbali, hizo zinahitaji barua. Hapo Upwork inashinda.

Hesabu ya dola hamsini

Chukua kazi moja ya dola 50 uipitishe kote.

Fiverr inakata asilimia 20 ya kila unachopata, hata bakshishi. Unabaki na 40. Hakuna mtego hapo, ni 20 leo na 20 mwakani, na unaweza kupanga bei yako ukiijua tangu mwanzo.

Upwork imebadilika, na ushauri mwingi unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp umepitwa na wakati. Zamani ilikata asilimia 20 kwa dola 500 za kwanza za kila mteja. Mwaka 2023 ikawa asilimia 10 moja kwa moja. Tangu Mei 2025, kwa mikataba mipya, makato ni kati ya sifuri na asilimia 15, na unaonyeshwa kiwango kabla hujatuma barua. Kwa asilimia 10 unabaki na 45. Ila toa na Connects ulizotumia, si za barua iliyoshinda tu bali na za zile tisa zilizoshindwa. Kazi yako ya kwanza ya dola 50 Upwork inaweza kukuachia dola 21. Ya pili kwa mteja huyohuyo, ambaye humwandikii tena barua, inakuachia 45 kamili. Ndiyo maana nasema Upwork hulipa kwa wateja wanaorudi, na anayerukaruka kutoka mteja hadi mteja huumia.

Freelancer.com inakata asilimia 10 au dola 5, ile iliyo kubwa. Kwa dola 50 ni 5, sawa. Lakini kazi za anayeanza huwa ndogo. Kwa kazi ya dola 20, dola 5 ni robo nzima. Kwa kazi ya dola 10, nusu imekwenda. Na kuna jambo ambalo linaniudhi hadi leo: ada inakatwa pale unapokubali kazi, si pale unapolipwa. Ukikubali kazi halafu mteja akayeyuka, deni la ada ni lako. Mgeni mwenye furaha ya kuchaguliwa kwa mara ya kwanza anabonyeza kukubali bila kuangalia kama mteja ameweka hela dhamana, yaani hela inayoshikwa na jukwaa hadi kazi ikubaliwe. Kwa hilo peke yake simshauri mtu asiye na mtaji aanzie huko.

Hela inafikaje kwenye simu

Hapa ndipo wengi wa kwetu hukwama, na ni afadhali ukwame kabla ya kufanya kazi kuliko baada.

PayPal kwa Mtanzania kwa miaka mingi imekuwa mlango wa kulipia, si wa kupokelea. Kwa hiyo njia yetu ya kawaida ni Payoneer, huduma ya kupokea malipo kutoka nje: Fiverr au Upwork inatuma Payoneer, Payoneer inatuma benki yako ya hapa kwa shilingi, iwe CRDB au NMB, nawe unahamishia simu. Kila hatua ina makato yake. Payoneer pia ina ada ya mwaka ya dola 29.95 kwa akaunti ambayo haikufikia kiwango cha mapokezi walichoweka ndani ya miezi 12. Kwa hiyo usifungue leo kwa kazi utakayoipata mwakani, na usitoe dola 15 kila wiki, subiri zikusanyike. Upwork ina pia njia ya kutuma benki kwa waya, lakini ada yake ni kubwa, mwenye dola 60 haimfai.

Kuhusu kusubiri, tofauti ni kubwa. Fiverr: ukiwasilisha kazi, mnunuzi ana siku tatu za kukubali, akinyamaza inajikubali yenyewe, kisha kwa muuzaji mpya hela inakaa siku 14 ndipo uitoe. Upwork kwa kazi ya bei moja (mnayokubaliana bei ya kazi nzima): hela inawekwa dhamana kabla hujaanza, mteja akishaidhinisha unasubiri siku tano. Asipojibu, baada ya siku 14 inaachiwa. Kwa kazi ya saa, wiki inafungwa Jumapili na hela inapatikana kama siku kumi baadaye. Kwa maneno mengine, ukifanya kazi ya Fiverr tarehe mosi, usimwahidi mwenye nyumba kodi kabla ya tarehe ishirini.

Kwa kulipa, kama kununua Connects, huhitaji kadi ya benki ya fahari. Kadi ya mtandaoni ya Visa inayotolewa ndani ya M-Pesa ya Vodacom inatosha. Weka kiasi kile tu ulichopanga kutumia.

Kitambulisho, jina na ile namba ya NIDA

Majukwaa yote haya yanaweza kukutaka uthibitishe wewe ni nani, na Upwork inaweza kukuita kwenye video ukiwa na kitambulisho mkononi. Sasa wengi wetu tuna namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, bila kadi. Namba inasajili laini ya simu, lakini jukwaa la Marekani linataka picha ya kadi yenyewe. Kama kadi yako haijatoka, leseni ya udereva au pasipoti inafanya kazi. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, kwa hiyo usiikimbilie kwa ajili ya Fiverr tu, fuatilia kadi yako kwanza.

Angalia pia majina. Kadi ina majina matatu, benki wameandika mawili, Payoneer umeandika jina la Facebook. Hela itasimama katikati. Mimi nilipoteza wiki tatu kwa sababu benki iliandika jina langu la ukoo kwa herufi moja pungufu, nikawa nakwenda na kurudi kaunta kwa ajili ya herufi hiyo. Linganisha majina siku ya kwanza, tena herufi kwa herufi.

Jukwaa litakuuliza kuhusu kodi ya Marekani. Usiogope. Fomu inayoitwa W-8BEN ni ya kusema tu kwamba wewe si mlipakodi wa huko. Kwa hapa nyumbani, TIN, namba ya mlipakodi ya TRA (Mamlaka ya Mapato), inatolewa bure, na mapato haya ni mapato kama mengine.

Simu, umeme na saa za usiku

Fiverr unaweza kuisimamia kwa simu: kujibu ujumbe, kupokea oda, hata kutuma sauti iliyorekodiwa vizuri. Upwork kwa kazi ya saa inataka programu yake iwe kwenye kompyuta, ikipiga picha za skrini mara sita hivi kwa saa kama ushahidi. Picha hizo ndizo kinga yako mteja akikataa kulipa. Anayeazima laptopu ya mwenzake chumbani hawezi kuishi hivyo. Achukue kazi za bei moja.

Saa tisa alasiri hapa, New York bado ni asubuhi na watu hawajaingia ofisini. Saa kumi jioni, au kumi na moja wakati wa majira yao ya baridi, ndipo wanakaa mezani. Kwa hiyo mteja wa Marekani anakula jioni yako na sehemu ya usiku. Wateja wa Uingereza na Ulaya wanaangukia mchana wetu, na kwa mwanafunzi mwenye vipindi vya asubuhi au mama mwenye mtoto mdogo hiyo ni tofauti ya kuishi na kutoishi. Upwork inakuruhusu kuchagua nani umwandikie. Fiverr haikuruhusu, anayepita ndiye anayepita, na usipojibu ujumbe wa kwanza ndani ya saa 24 alama zako zinashuka.

Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika upande wa Afrika Kusini, intaneti nchi nzima ikawa ya kusuasua. Nilikuwa na kazi mbili mkononi. Aliyenivumilia ni yule niliyemwandikia mapema, kabla ya muda wa kuwasilisha, nikamweleza kwa sentensi mbili na kumpa siku mpya. Yule mwingine nilimtafuta baada ya muda kupita. Nyota nne badala ya tano, na sikuwa na la kujitetea. Tangu hapo, kazi ya siku mbili naiandika siku nne, na laini za mitandao miwili haziachani na begi langu.

Mteja wa hapahapa

Kabla ya Fiverr nilikuwa nachapa tafiti za wanafunzi, shilingi 500 kwa ukurasa. Niliona aibu kuuita huo ufrilansa. Leo najua ndiko nilikojifunza kupanga jedwali na kumwuliza mteja "unaihitaji lini hasa?"

Dodoma ina wateja ambao miji mingine haina. Serikali ilipohamia kuanzia mwaka 2016, zilikuja ofisi, na ofisi zikaja na ripoti, warsha na washauri. Kuna UDOM, St. John's, Chuo cha Mipango, CBE. Watafiti wanarudi kutoka Kongwa, Chamwino na Bahi wakiwa na saa nyingi za mahojiano kwenye simu zao, wanatafuta mtu wa kuyanukuu na kuyatafsiri. Ukijua Kigogo pamoja na Kiswahili na Kiingereza, una kitu ambacho mshindani wako wa Manila au Karachi hana kabisa. Kuna wasindikaji wa zabibu na wakamuaji alizeti wanaohitaji lebo nzuri kwenye chupa. Kuna kamati za harusi kila Jumamosi.

Ukilinganisha: hakuna makato ya jukwaa, hela inaweza kuingia kwenye simu siku hiyohiyo, na huhitaji kitambulisho wala nyota. Ubaya wake ni kwamba hakuna anayeshika dhamana. "Nitakucheki mwisho wa mwezi, dada yangu" ni sentensi niliyoisikia hadi nikaizoea, na kuna ripoti moja ya kurasa 80 sijalipwa hadi kesho. Dawa niliyoipata ni moja: nusu kabla ya kufungua kompyuta, nusu kabla ya kutuma faili lisilo na alama ya maji, yale maandishi hafifu ya kuzuia mtu asilitumie bila kulipa. Mwenye kununa anune mapema.

Ningekuwa ninaanza leo

Mwenye chini ya shilingi 50,000 asinunue Connects hata moja. Achukue wiki nne za wateja wa mjini, kwa bei ya kawaida, kwa sharti kwamba ataruhusiwa kuonyesha kazi hiyo kama sampuli. Kazi tatu nzuri zinatosha. Kama ni za kuonekana au kusikika, afungue Fiverr, gigi mbili tu, na bei isiwe dola 5. Kwenye dola 5 unabaki na 4, na wateja wa dola 5 ndio niliowaona wakidai marekebisho mengi kuliko wote. Dola 15 au 20 kwa kazi ndogo iliyoelezwa vizuri inaheshimika.

Mwenye laki moja hadi mbili za kujaribia na Kiingereza cha kuandika barua inayosomeka, aende Upwork. Aandike barua tatu kwa wiki, si tatu kwa siku, na achague kazi zilizotangazwa ndani ya saa chache na mteja aliyekwisha kuthibitisha njia ya malipo. Barua ianze na shida ya mteja. "Mheshimiwa, mimi ni mchapakazi na ninajifunza haraka" haijawahi kumpa mtu kazi. Nyingi ya kazi zangu za kwanza nilizipata kwa kusoma faili la mfano, kutafsiri aya yake moja na kuiweka ndani ya barua. Siku hizi programu za akili mnemba zinatafsiri Kiswahili kwa sekunde, na ndiyo sababu wapo wateja wanaotafuta Mswahili wa kuzisahihisha. Waambie hivyohivyo: mashine imeandika "kichwa cha habari" mahali pa "kichwa cha treni", mimi nitaliona kosa hilo.

Kuna mambo mawili ambayo nakuomba usiyafanye kwenye jukwaa lolote. Usikodishe akaunti yako wala kukodi ya mtu, hata akikuahidi dola 100 kwa mwezi. Ikifungwa imefungwa kwa jina lako na kitambulisho chako. Na mteja akikuambia mhamie Telegram mlipane huko, au utoe kwanza hela ya usajili, ondoka. Mimi nilihama mara moja. Nilitafsiri kurasa 34 katika usiku mbili, na asubuhi ile akaunti yake haikuwepo tena. Nililia, si kwa ajili ya hela tu.

Yule kijana wa Ng'ong'ona alikuwa na elfu arobaini, sauti nzito nzuri ya redio, na simu yenye maiki inayofaa. Tulikubaliana Fiverr, baada ya matangazo matatu ya mjini. Wiki hii amenitumia linki ya gigi yake. Nimemrudishia masahihisho mawili: sampuli ya kwanza ina muungurumo wa feni nyuma, airekodi tena alfajiri kabla bodaboda hazijaamka, na aandike wazi kwamba ni Kiswahili cha Tanzania, maana kuna wanunuzi wanaokitafuta hichohicho na hawajui pa kukipata.